Sahihisho la Yusufu

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natamani ningepewa tena asubuhi yake. Ilikuwa Muyinga mjini, saa sita mchana, ndani ya chumba kidogo cha redio. Nilikuwa nimevaa visikizio, mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine kwenye kitufe cha maikrofoni, na watu wa milimani walikuwa wamekaa karibu na redio zao wakinisubiri niwasomee matangazo. Nikabonyeza ili kompyuta inisomee tangazo la kwanza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

Lakini nimekimbilia mbele. Wewe uliyeniandikia kuhusu kosa uliloliona una haraka, mimi ndiye ninayetakiwa kuwa na subira, kwa hiyo ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi nimekulia Tanzania, kambini, mkoa wa Kigoma. Ndiyo maana hapa Gitega wengine hunicheka wakisema Kiswahili changu kimenyooshwa kwa pasi. Macho yalianza kufifia nikiwa sekondari. Daktari alisema ni presha ya macho. Tuliporudi Burundi nilikuwa bado naona mwanga wa dirisha, na baada ya muda hata dirisha likapotea. Wazazi wangu walirudi Bukirasazi, kwenye mashamba ya babu, wakaanza kulima upya. Nyumbani walinipenda sana, mwanangu, lakini walinikalisha. Sijui kama unaelewa kukalishwa. Unapewa kiti, unapewa chakula, ukisimama mtu anakuuliza unataka nini akuletee. Nilikuwa msichana mwenye nguvu zake, nimesoma, na kazi yangu ilikuwa kukaa.

Ndipo padri wa parokia yetu akasikia kuna kituo Gitega mjini kinachowafundisha vipofu kutumia kompyuta. Baba akanipeleka. Mwalimu wetu alikuwa kijana mmoja wa Muyinga, Yusufu, mtoto wa familia ya Kiislamu inayouza vitenge pale mjini. Yeye aliona vizuri. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetabasamu, na alipoeleza jambo hakukushika mkono kukulazimisha. Alisubiri kidole chako kipate herufi chenyewe.

"We Dafroza, usiogope hii mashine," aliniambia siku ya kwanza. "Ikisema haraka sana, unapunguza hapa. Voilà. Umesikia? Sasa iko inatembea na wewe."

Kompyuta zetu zilikuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Ukifungua barua inakusomea barua, ukibonyeza herufi inaitaja. Programu hiyo ilikuwa huria. Najua wewe unalijua neno hili vizuri kuliko mimi, lakini wapo watakaosoma hapa wasiolijua, basi niwaeleze. Programu huria haiuzwi. Inatengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kukutana, na yeyote anayeona kosa ndani yake anaruhusiwa kulirekebisha na kuwatumia wenzake rekebisho lake. Wako wachache wanaoyasoma marekebisho hayo, wakayapokea au kuyarudisha. Siyo lazima uwe fundi mkubwa. Neno lililoandikwa vibaya, hatua iliyokosewa kwenye mwongozo, hata nukta iliyosahaulika, vyote vina nafasi.

Yusufu alikuwa na kipaji. Sisemi hivyo kwa sababu nampenda. Kila mtu pale kituoni alijua. Kosa likitokea kwenye mashine alilitafuta mpaka alipate, huku akiimba chini kwa chini, na akilipata alicheka peke yake kama mtu aliyekutana na rafiki njiani. Nilisoma kwake mpaka nikawa naandika haraka kuliko baadhi ya wanaoona. Kisha redio moja ya Muyinga ikatafuta mtu wa kusoma matangazo kwa Kirundi na Kiswahili. Nikajaribu sauti, wakaipenda. Direkta akasema wataniweka kwa majaribio kwanza, waone.

Yusufu alifurahi kuliko mimi. Akampigia simu mama yake, na siku niliyofika Muyinga kitanda changu kilikuwa kimeshatandikwa nyumbani kwao. Tulimwita Mama Mwajuma, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mimi Mkatoliki, wao Waislamu, na hakuna siku niliyojiona mgeni katika nyumba ile. Mwezi wa Ramadhani niliamka nao kula daku ingawa sikufunga, kwa sababu chakula chake kilinukia mpaka usingizi unaondoka wenyewe.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Asubuhi katibu wa redio, Joselini, aliandika kwenye kompyuta matangazo yote yaliyoletwa: msiba, ng'ombe aliyepotea, harusi, mkutano wa wakulima, salamu za wapendanao. Saa sita mimi niliingia studio, kompyuta ikanisomea sikioni sentensi moja moja, nami nikazisema kwa mdomo wangu. Wasikilizaji hawakujua kama sioni. Wengine walituma salamu, "kwa yule dada mwenye sauti ya utulivu." Mwanangu, baada ya miaka ya kukalishwa, fikiria nilivyojisikia.

Shida ilikuwa moja. Programu ile ilikuwa ya toleo la zamani, na tangazo likiwa refu ilikwama katikati. Direkta alishalalamika mara kadhaa. Nikasikia toleo jipya limetoka, lina sauti bora na halikwami. Asubuhi ile nikaingia kazini mapema, nikalipakua, nikafungua mwongozo wake na kufuata hatua moja baada ya nyingine kama nilivyofundishwa. Mwongozo uliniambia niiondoe sauti ya zamani kwanza, halafu nichague sauti mpya. Nikafanya. Kompyuta ikazungumza kwa sauti mpya, safi, laini. Nikamwita Joselini asikie.

"Sasa huyu anaongea kuliko weye," akacheka.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba hatua zile mbili zilikuwa zimepishana. Ukiondoa sauti ya zamani kabla ya kuichagua mpya, kompyuta haiweki uchaguzi wako. Inazungumza vizuri mpaka utakapoizima. Ikiwaka tena inaitafuta ile sauti uliyoiondoa, haiipati, inanyamaza. Mtu anayeona anaweza kutengeneza kwa dakika chache, maana maneno yako mbele yake kwenye kioo. Kwa kipofu hakuna pa kushika.

Saa sita kasoro kidogo umeme ukakatika. Jenereta ikanguruma, kompyuta ikajiwasha upya. Nikaketi, nikavaa visikizio, nikabonyeza.

Nimeshakuambia nilichosikia.

Nilifanya kila kitu nilichokijua. Nikazima, nikawasha. Nikapapasa nyaya. Nikampigia simu Joselini, ambaye alikuwa ametoka, simu haikupatikana. Fundi alikuwa kilimani kwenye mnara. Direkta alikuwa Bujumbura. Muda ulikuwa unapita hewani bila sauti, na redio haitakiwi kunyamaza. Kulikuwa na mashine ya muziki ambayo vitufe vyake nilivijua kwa vidole. Nikaweka wimbo. Ulipokwisha nikaweka mwingine, nikachagua zile za kuchangamsha, ili watu wasichoke kusubiri. Saa nzima ya matangazo ikapita kwa ngoma na magitaa. Joselini aliporudi alikuta nimeloa jasho, na kipindi kingine kimeanza. Matangazo yakasomwa jioni.

Katika matangazo yale kulikuwa na la msiba. Mama mmoja wa Mwakiro alikuwa amefariki alfajiri, na angezikwa siku hiyo hiyo saa tisa. Watoto wake walioko mbali waliombwa wafike haraka.

Baada ya siku chache direkta akaniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alisema mtoto wa yule marehemu, aliyekosa mazishi, alikuja redioni akiwa na hasira, na kwamba wakubwa wameuliza. "Sikulaumu wewe, Dafroza," akasema, "lakini mi siwezi kuacha micro ya studio kwa mtu ambaye mashine ikikufa, na yeye inakufa." Nikashukuru, nikachukua fimbo yangu, nikaenda nyumbani kwa Mama Mwajuma. Sikulia njiani. Nilihesabu mifereji ya barabarani kwa fimbo ili nisifikirie.

Ijumaa Yusufu akaja kutoka Gitega kuona nyumbani, kama alivyozoea. Alikuwa hajasikia habari. Tulikuwa tumekaa uani, Mama Mwajuma anapepeta mchele, nami nikamsimulia yote: toleo jipya, mwongozo, umeme, kimya. Nilipofika pale pa kuondoa sauti ya zamani kwanza, nikasikia kiti chake kimeacha kulia. Alikuwa na kawaida ya kujiyumbisha. Aliacha.

"Mi nilijua," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Mi nilijua hiyo makosa, Dafroza. Toka toleo imetoka. Niliiona pale kituoni, mwanafunzi mmoja mashine yake ilinyamaza. Nikaandika vizuri namna inapaswa kuwa, nikawatumia wale watu wa programu."

"Wakasema nini?"

Akasogeza kiti karibu nami. Kisha akaeleza. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza chake cha kujifunza, usiku na mchana akitafuta maneno kwenye kamusi. Jibu lilikuja fupi, la mtu mmoja: kwamba andiko lake halikufuata utaratibu, asome kwanza maelekezo ya wachangiaji, yaani wanaotuma marekebisho, na kwamba ombi lake limefungwa. Hakuna salamu, hakuna asante. Yusufu alilisoma mara nyingi. Alihisi ameambiwa yeye si mtu wa kukaa kwenye meza ile. Wanafunzi wake wa Gitega akawaonya kwa mdomo, mmoja mmoja, wasifuate mwongozo pale. Hakuandika tena.

"Mi nilisema, bon, wabaki na programu yao," akamaliza. "Sikufikiri wewe utaweka toleo mpya peke yako. Sikufikiri."

Mama Mwajuma aliweka ungo chini. Nilimsikia akifuta mikono yake kwenye kitenge. Mama yule hakuwa akipaza sauti kamwe, na siku ile hakupaza, lakini nilijikuta nimenyooka kwenye mkeka kana kwamba anayesemwa ni mimi.

"We Yusufu. Wale watu walikuandikia vibaya, sawa, nimesikia. Uliwakasirikia. Wao walijua kama umekasirika?"

"Hapana, mama."

"Hawakujua. Walilala, wakaamka, wakakunywa chai yao. Na huyu Dafroza iko hapa, anakula kwa sahani yangu. Ile kasirani yako ilifika kwa nani?"

Kiti cha Yusufu kililia mara moja.

"Nilikuzaa mi, najua una kichwa kubwa. Walikuambia usome utaratibu. Si walikuambia usome? Hawakusema we ni mjinga. Ni we ulijiambia. Alors, ungesoma hiyo utaratibu yao, ungeandika barua ya pili. Hii dada angekuwa kazini leo." Kisha akageuka kwangu. "Na wewe, mwanangu, utalala na hii kitu ndani ya tumbo mpaka lini? Kuna watu wamezika mama yao. Kesho tunaenda Mwakiro, wote watatu. Tutaenda kuwapa pole."

Mwanangu, nimepata mafundisho mengi maishani, kanisani na shuleni, na hakuna lililoniingia kama yale maswali yake. Alimgombeza mwanawe mbele yangu na hakumdhalilisha. Nilijua kwamba akimaliza atampakulia chakula, na ndivyo alivyofanya.

Kesho yake tukapanda pikipiki tatu. Njia ya Mwakiro ina mawe, nami nilimshika dereva kiunoni nikimwomba apunguze mwendo. Nyumba ya msiba tuliijua kwa harufu ya moshi na sauti za watu wanaoongea polepole. Yule mwana wa marehemu aliitwa Salvatori. Nilishangaa alipotusalimia: Kiswahili chake kilikuwa kama changu. Na wao walikuwa wamerudi kutoka Tanzania. Ndiyo maana walilipeleka tangazo lao kwa Kiswahili pia.

Mama Mwajuma akatoa pole kwa niaba yetu, akaweka chini mchele na sukari aliyoibeba. Kisha mimi nikasema mimi ndiye niliyekuwa studio. Nikaeleza mashine ilivyonyamaza. Nilijiandaa kutukanwa. Salvatori alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Kosa lenyewe lilikuwa kubwa kiasi gani?"

Nikamwambia ni hatua mbili kwenye mwongozo, zimepishana. Ya chini ilitakiwa kuwa juu.

"Mistari miwili," akasema.

"Mistari miwili, kaka."

Halafu akaanza kusema kwa sauti ya chini, si kwa kunishtaki, alikuwa kama anajisimulia mwenyewe. Alikuwa mbali siku ile, Nyarusange, kwenye tanuri la matofali, na redio ilikuwa imewekwa juu ya rundo la kuni. Alijua mama yake anaumwa, ndiyo maana kila siku alisikiliza matangazo ya saa sita. "Siku ile hayakuja," akasema. "Ukaja muziki. Nikasema moyoni, basi leo hakuna msiba, mama amelala salama. Nikafurahi. Wenzangu wakaanza kucheza, nami nikacheza, dada. Matofali yako mkononi, ninacheza. Na saa ile walikuwa wanamwosha mama yangu."

Mama Mwajuma, ambaye hakuwahi kukosa neno msibani, alinishika mkono tu. Upande wangu wa kushoto nilimsikia Yusufu anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

Salvatori alitusindikiza mpaka barabarani. Alinishika mkono akanisaidia kupanda pikipiki, akasema, "Nenda salama, dada. Hukukusudia." Kwa Yusufu hakusema lolote, kwa sababu hakujua. Yusufu alikuwa ametaka kumwambia. Baadaye aliniambia alifungua mdomo mara kadhaa. Hakuweza.

Jioni ile tukakaa sebuleni na kompyuta yake. Nikamwambia, tutume tena, sasa hivi. Akakataa kugusa kibodi.

"Andika wewe. Mi nitakusomea utaratibu wao, neno kwa neno. Lakini jina langu usiweke."

"Kosa uliliona wewe, Yusufu. Haki ni yako."

"Usiweke, Dafroza. Nakuomba."

Basi akanisomea maelekezo ya wachangiaji, yale aliyoambiwa ayasome akakataa. Hayakuwa magumu hata kidogo. Yalitaka kichwa cha habari kifupi, maelezo ya kosa, na namna ya kulifanya litokee tena ili mwingine alione. Yusufu alinisemea mpangilio sahihi, nami nikaandika. Nikatuma kwa jina langu.

Jibu likaja baada ya siku kadhaa, la mtu mwingine, mwanamke. Alishukuru. Akaomba nibadilishe maneno mawili ili yafanane na sehemu nyingine za mwongozo. Nikabadilisha. Kufikia kesho yake mwongozo ukawa umesahihishwa kwa dunia nzima. Nilimpigia Yusufu Gitega kwa furaha. Nilidhani namletea dawa.

"Maneno mawili?" akauliza.

"Mawili tu! Wamekubali yote."

Akasema, "Kumbe ilikuwa hivyo tu," akanitakia usiku mwema ingawa jua lilikuwa bado halijazama.

Mwanangu, kama ningejua kwamba habari ile itamvunja, ningeipeleka kwa namna nyingine. Nilidhani kosa likisahihishwa mtu naye hupona. Yeye alisikia kitu kingine: kwamba mlango alioukasirikia ulikuwa umerudishiwa tu, haujafungwa, na Salvatori alicheza kwa sababu yake. Mwezi haukuisha, akaacha kufundisha. Mama yake akamsihi, nami nikamsihi, mkurugenzi wa kituo naye akaja mpaka Muyinga. Alisema anakwenda Kahama kumsaidia mjomba wake kuuza nguo. Hakugombana na mtu. Aliaga vizuri, akanipa visikizio vyake vizuri, akasema yeye hatavihitaji.

Hakugusa tena kazi ile. Mama Mwajuma aliishi miaka mingi baada ya hapo, nami nilimtembelea kila nilipopita Muyinga, na kila mara aliniuliza kwa sauti ndogo kama nadhani alimkaripia mwanawe kupita kiasi. Nilimwambia hapana, na ndivyo ninavyoamini. Alisema kweli, kwa upole, mahali pake. Lakini kweli nayo inamkuta kila mtu na mabega yake, na mabega ya Yusufu yalikuwa membamba kuliko tulivyodhani sote. Alipofariki mama huyo, Yusufu alikuja kuzika, akarudi Kahama kesho yake. Tulisalimiana kati ya watu wengi. Sauti yake haikuwa na tabasamu tena. Nilitaka kumwuliza mambo, nikaona si mahali pake, na mpaka leo hatujazungumza.

Mimi redioni sikurudi. Nilirudi Gitega nikashika darasa aliloliacha, nikaendelea kutuma marekebisho madogo kwenye programu ile. Leo neno la Kiswahili linalosomwa vibaya, kesho hatua ya mwongozo isiyoeleweka, keshokutwa maelezo ya Kirundi kwa mara ya kwanza. Mengine yalirudishwa. Mengine yalikaa miezi bila jibu. Nilisoma utaratibu, nikatengeneza, nikatuma tena. Polepole wakaniamini, mpaka wakaniomba niwe miongoni mwa wanaopokea marekebisho ya wengine.

Nilipokaa upande ule wa meza ndipo nilipomwelewa yule aliyemjibu Yusufu. Wengi wetu ni watu wa kujitolea. Tunafanya baada ya kazi, watoto wanalia, chakula kinaungua jikoni, na maombi yamerundikana, mengine ya ovyo kabisa. Kuna siku mkono wangu ulishaandika jibu kavu kama lile, ukabaki kubonyeza tu. Nikakumbuka uani kwa Mama Mwajuma, nikafuta. Nikaanza upya na neno asante. Simsamehe yule mtu kwa sababu alifanya vizuri. Namsamehe kwa sababu naamini hakujua kabisa kwamba upande wa pili kuna kijana na kamusi.

Sasa nakuambia wewe, mwanangu, unayesema umeona kosa dogo na unajiuliza kama inafaa kujisumbua. Lirekebishe. Litume leo. Usilidharau kwa sababu ni mstari, au herufi, au nukta. Hujui nani anaufuata mstari huo akiwa peke yake chumbani, bila wa kumwuliza. Na usiridhike kuwaambia rafiki zako kwa mdomo, maana mdomo wako unafika Gitega tu, na mwongozo unafika Muyinga, Kahama, na mahali usipopajua.

Wakikurudishia, usikimbie. Soma walichokuandikia mara ya pili, baada ya kula, baada ya kupumzika. Toa maneno yaliyokuuma, bakiza yanayokuelekeza, halafu utengeneze, utume tena. Hasira yako haiwafikii waliokukasirisha. Itamfikia mtu mwingine kabisa, na huenda anakula nawe sahani moja.

Siku wewe utakapokuwa ndiye unayepokea, na siku hiyo itakuja ukivumilia, mshukuru mtu kwanza, ndipo umwonyeshe alipokosea. Haitakugharimu kitu ila pumzi moja.

Na kama ulishachelewa, kama kosa ulilolinyamazia limeshamuumiza mtu, nenda ukampe pole, halafu endelea kufanya kazi. Hili ndilo ninaloliombea zaidi nikikufikiria. Usijiadhibu kwa kuzika kipaji chako, kwa sababu wapo waliokuwa wanakitegemea, nao watakuwa wamepotelewa mara ya pili. Natamani ningepata nafasi ya kumwambia Yusufu hivyo tukiwa bado vijana. Nakuambia wewe.

Mungu akupe macho ya kuona kilichokosewa na mkono mwepesi wa kukitengeneza. Akupe kifua cha kupokea neno kavu bila kuvunjika. Na popote utakapopeleka kazi yako, mwanangu, akukutanishe na mtu wa kukujibu vizuri.